Waliokuja Kumtafutia Edmund Haki

Mafundi wa gereji za Mkomaindo, mjini Masasi, walikuwa na msemo wao: gari likikushinda mpelekee Arthur, mtu akikushinda mpelekee Mama Felix. Mama Felix huyo ndiye Dominika, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mnene wa mikono, aliyewapikia mafundi hao chini ya banda la bati kwa miaka kumi na minne. Ugali wake wa muhogo ulikuwa mgumu kiasi cha kusimamisha kijiko, na ulimi wake hivyo hivyo. Fundi aliyegusa chakula bila kunawa alitajiwa ukoo wake mpaka kwa babu wa tatu, yule aliyebatizwa na wamisionari, ambaye, kwa maelezo ya Dominika, naye maji aliyaona siku hiyo moja tu.

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha, nalo ni kifo cha kaka yake.

Kaka yake, Edmund, alikuwa amehamia Kitangari, huko juu Newala, kwa mkewe Rose. Alilima mikorosho na kuchonga milango. Asubuhi moja ya Juni, mwaka 2019, alitoka na baiskeli na madumu manne kwenda kuchota maji. Ukungu ulikuwa mzito, ule wa Juni unaomfanya mtu asione mkono wake mwenyewe. Kabla jua halijachomoza vizuri wapita njia walimkuta kwenye mtaro, hana uhai, baiskeli imejikunja kama waya wa kuanikia nguo, madumu yametawanyika mpaka chini ya mikorosho. Askari walikuja, wakapima kwa hatua, wakaandika kuwa ni ajali na gari halikujulikana. Jalada likalala, na jalada likilala halikoromi, kwa hiyo hakuna aliyesumbuka kuliamsha.

Kilichokuja kuharibu zaidi ni mazishi. Dominika alitaka kaka yake azikwe Masasi, kwenye makaburi ya wazazi wao. Rose akasema mume wangu atalala Kitangari, karibu na mikorosho yake. Rose alishinda. Dominika akarudi Mkomaindo na kinyongo kilichofungwa vizuri kama kifurushi cha safari, na kwa miaka minne wifi na wifi hawakupigiana hata simu ya sikukuu.

Ndipo, mwaka 2023, akatokea Anderson.

Alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, kutoka Dar es Salaam, amevaa kofia ya sufu katika jua la Masasi na vipokea sauti shingoni kama daktari aliyekosea vifaa. Babu yake alikuwa mtu wa Newala, jambo alilolitaja kila baada ya sentensi mbili. Alikuwa na podikasti iitwayo *Damu Inanong'ona*, na alikuja, alisema, kumtafutia Edmund haki.

"Podikasti ndiyo mdudu gani?" Dominika alimuuliza fundi Arthur, aliyekuwa anakula pale.

"Ni redio isiyo na saa, Mama Felix. Unaisikiliza kwenye simu ukitaka."

"Na asiyetaka?"

"Anaisikia kwa jirani."

Anderson alimwamkia kwa adabu, shikamoo mama, akaitikiwa marahaba. Akaweka kinasa sauti juu ya meza, katikati ya bakuli la mbaazi na chupa ya pilipili. Kisha akalegeza sauti, akawa ananong'ona, ingawa hakukuwa na mtu aliyelala.

"Mama, ulijisikiaje ulipopata habari kwamba kaka yako amefariki?"

"Nilifurahi sana. Nikakodi ngoma."

Arthur alipaliwa na maji. Anderson alitabasamu kwa subira, akasema hapana mama, tunaomba lile la moyoni. Basi Dominika akasema la moyoni. Alisema jinsi simu ilivyoingia akiwa anasonga ugali, na jinsi alivyoendelea kuusonga mpaka ukaungua, kwa sababu mikono ilikuwa haijasikia. Akalia, yeye ambaye mafundi hawakuwahi kumwona analia. Alipomaliza, Anderson alivua vipokea sauti vyake taratibu.

"Pole sana mama. Imegusa sana. Ila kuna lori limepiga honi pale katikati. Unaweza kulia tena kidogo, kuanzia kwenye simu?"

Na Dominika, ambaye angeweza kummwagia mbaazi kichwani, alilia tena. Baadaye hakuweza kujieleza kwa nini. Labda ni kwa sababu katika miaka minne yule kijana ndiye mtu wa kwanza aliyemwuliza habari za Edmund na kuinamisha kichwa kusikiliza. Mwenye kiu hachungulii kikombe kama ni kisafi.

Mwishoni Anderson aliuliza, kama mtu anayepita tu njia, "Na mjane? Mahusiano yake na marehemu yalikuwaje?"

Kile kifurushi cha miaka minne kikajifungua chenyewe. "Wifi yangu?" Dominika alisema. "Sijui. Mimi ninachojua, nilimkuta msibani macho makavu kama kisiki. Hakulia. Na arobaini haijafika alishakuwa anauza maji barabarani, maji yale yale yaliyomuua mume wake."

Macho ya Anderson yaling'aa kama ya paka aliyesikia kifuniko cha chungu.

Sehemu ya kwanza ilipotoka, gereji nzima ilizima nyundo ili kusikiliza simu ya Arthur. Ilianza kwa fisi kulia. Dominika akasema huyo fisi ametoka wapi, Kitangari fisi wa mwisho aliliwa na njaa. Wakamnyamazisha. Ikafuata sauti ya Anderson, nzito, iliyojaa pumzi: ukungu, barabara, mwanaume peke yake na baiskeli. "Edmund alilala kifudifudi kwenye mtaro wa baridi," alinong'ona, "asiamke tena." Kimya. Kisha kinanda cha furaha: "Na wewe, unalala wapi? Magodoro ya Lala Salama, godoro linalokujua."

Mafundi walitazama chini. Arthur alisema, "Biashara hiyo, Mama Felix."

"Nimesikia. Kaka yangu anauza magodoro."

Lakini hakuizima, wala hakukosa sehemu ya pili. Sehemu ya pili ilizungumzia uchawi. Sehemu ya tatu ilizungumzia mgogoro wa shamba ambao haukuwahi kuwepo, na jirani aliyedaiwa kuwa na panga. Wapo wenye mapanga Newala? Nani hana? Hata hivyo wasikilizaji walizidi, na Dominika akawa mtu maarufu bila kuomba. Watu waliopita Masasi kwa safari zao walishuka kumtafuta. Walimwita Dada wa Marehemu, kama vile ni cheo cha serikali. Msichana mmoja aliyesema ametoka Dodoma alimkumbatia akalia machozi ya kweli, kisha akatoa simu wapige picha. Dominika akatabasamu, kama mtu yeyote anayepigwa picha.

"Hapana mama," msichana akasema, "usitabasamu. Huzunika kidogo."

Akahuzunika kidogo. Siku hiyo ugali uliisha kabla ya saa saba, na asiseme mtu kwamba hakuona raha. Kufa kufaana, wahenga walisema, wala hawakuwatoa ndugu wa damu katika hilo.

Sehemu ya nne iliitwa "Mjane Asiyelia". Dominika aliisikiliza amesimama, mwiko mkononi. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema macho makavu kama kisiki. Akasubiri wamtilie maneno ambayo hakuyasema, ili apate wa kumlaumu. Hawakumtilia neno. Hawakukata wala hawakuunga. Kila kitu alikuwa amekisema yeye, kwa mdomo wake, kwa ufasaha. Baada yake Anderson alinong'ona: "Kwa nini mwanamke asimlilie mumewe? Tuandikie maoni yako." Watu wakaandika. Waliandika maelfu, kutoka miji ambayo Rose hajawahi kuisikia, na wote walimjua vizuri kuliko mama yake mzazi. Walimwita Malkia wa Mtaro. Mmoja alishauri kaburi lifukuliwe. Mwingine alitaka kujua godoro la futi sita ni la bei gani.

Wiki mbili baadaye, mchana, mafundi wakiwa wamejaa mezani, alikuja msichana mwenye sare ya shule. Alikuwa Yuster, mtoto wa Rose na Edmund, ambaye Dominika alimwona mara ya mwisho akiwa na miaka kumi na mmoja. Sasa alikuwa na kumi na tano, na pua ile ile ya Edmund.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Jamani, kaa ule."

"Sikai. Mama hajui kama nimekuja. Nimekuja kuuliza swali moja tu. Msibani kwa baba, wewe ulifika siku ya ngapi?"

Dominika akafikiri. "Siku ya pili. Siku ya kwanza nilikosa usafiri."

"Siku ya kwanza mama alilia mpaka akazimia mara mbili," Yuster alisema. "Wakamwagia maji. Usiku sauti ikakatika kabisa, akawa anafungua mdomo hakuna kinachotoka. Wewe ulipofika kesho yake yalikuwa yamekwisha, shangazi. Yalikwisha kabla hujafika."

Hakuna fundi aliyetafuna. Yuster akaendelea, bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alisema maji ya mama yake hayanunuliwi tena, watu wanasema yana sumu. Alisema magari ya wageni yanasimama mbele ya nyumba, wanapiga picha mlango ambao baba yake aliuchonga. Shuleni watoto wakimwona wananong'ona kwa sauti ile ya kwenye simu: Yuuuster, mama yako yuko wapi? Kisha akaaga kwa heshima zote, akaondoka bila kuonja kitu.

 Kesho yake Mama Felix hakuwasha moto. Alipanda Newala.

Rose alikuwa uani anatwanga muhogo. Ukutani kwake mtu alikuwa ameandika kwa mkaa MUUWAJI, kwa herufi kubwa na kwa makosa. Alimwona wifi yake akiingia, akaendelea kutwanga.

"Hodi, Mama Yuster."

"Umeshaingia."

"Wifi, nimekosa."

"Umekosa wapi? Mbona umesikika vizuri tu, kila neno."

Dominika akasimama na mkoba wake kama mtoto aliyefukuzwa shule. Kisha akavua kandambili, akashika mchi wa pili uliolazwa pale, akaanza kutwanga upande wake. Walitwanga kinu kimoja wawili mpaka unga ukawa laini kuliko inavyotakiwa. Ndipo Rose akajifuta jasho.

"Yule mpelelezi wako alikuja hapa," alisema. "Aliniuliza kama nilikuwa na mwanaume nje. Aliniuliza kama marehemu alikuwa ananipiga. Akaniuliza naota nini. Hakuniuliza kama niliokota kitu."

"Uliokota nini?"

Rose aliingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na kipande cha taa, kile cha rangi ya machungwa kinachokaa pembeni mwa gari, kikubwa kama kiganja, kimepasuka upande mmoja.

"Nilikikuta chini ya baiskeli, mchana wa siku ile. Nikakipeleka kituoni. Nikaambiwa kaa nacho mama, tutakuita. Mwaka wa nne huu. Simu yangu ina chaji."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Rose alimtazama mpaka Dominika akaona aibu ya swali lake.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, Dominika alimpakulia Arthur sahani iliyojaa, nyama juu, na kando ya sahani akaweka kile kipande. Arthur alikuwa fundi wa bodi. Magari yote yaliyogongwa Masasi yalipitia mikononi mwake. Alikitazama. Taya likasimama.

"Umekipata wapi hiki, Mama Felix?"

"Kula kwanza."

"Umekipata wapi?"

"Chini ya baiskeli ya Edmund."

Arthur alisukuma sahani, na hapo Dominika akajua, kwa maana Arthur hakuwahi kusukuma sahani hata alipokuwa na malaria. Akasema polepole kwamba ni cha pikapu ya Bwana Bernard. Bernard huyo alikuwa mfanyabiashara wa salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, na kila Juni alikuwa akipanda na kushuka Newala na Mnyambe akipeleka mifuko kwa wakulima. Juni ile alileta pikapu imepondeka kona ya mbele, kioo kimepasuka. Alisema amegonga mbuzi.

"Mbuzi," Dominika alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Arthur, wewe ni fundi. Mbuzi gani anapasua kioo cha mbele? Alikuwa amepanda baiskeli?"

Arthur alikuwa amejiuliza swali hilo hilo miaka minne iliyopita, na alikuwa ameliweka kando na kuchukua nyundo. Sasa aliinuka, akaenda kwenye lundo lake la vyuma na taa mbovu, kwani fundi wa kweli hatupi kitu, akachakura kwa nusu saa, akarudi na taa nzee iliyomeguka. Waliweka kipande na taa pamoja juu ya meza ya mbaazi. Vikaumana kama meno. Taa ya namna ile hakuipata mjini, Arthur alieleza, kwa hiyo alimfungia Bernard nyeupe. Mji mzima ulikuwa unaona pikapu yenye taa moja ya machungwa na moja nyeupe ikipita kila siku, na ukaipisha njia.

"Utayasema haya mbele ya askari?"

"Bwana Bernard ni mteja wangu, Mama Felix."

"Na mimi ndiye ninayekulisha. Chagua."

Mtu wa kwanza ambaye Dominika alimpigia simu, kwa aibu tuseme, hakuwa askari. Alikuwa Anderson. Si ndiye aliyekuja kumtafutia Edmund haki? Alimweleza yote kwa pumzi moja. Upande wa pili zikasikika kucha zikigonga meza, kama za mtu anayepiga hesabu.

"Kwa hiyo mama," Anderson akasema, kwa sauti yake ya kawaida, ambayo kumbe ilikuwa nyembamba, "ni ajali ya gari tu?"

"Tu?"

"Samahani, sikumaanisha vibaya. Ila tumeshawaahidi wasikilizaji jambo. Sehemu ya saba iko tayari, ni kuhusu mjane na sumu. Hebu nikuulize: huyu Bernard na mjane, inawezekana walikuwa wanajuana? Kimapenzi?"

Mafundi wa Mkomaindo wanayakumbuka mpaka leo majibu aliyopewa, na hakuna hata moja linaloweza kuandikwa kwenye kitabu ambacho mtoto anaweza kukifungua.

Basi wakaenda kituoni, Dominika, Arthur na Rose, na taa kwenye mfuko. Walipokelewa na askari mpelelezi aliyeitwa Mwanasha, mwanamke mpole mwenye kikohozi, ambaye alikuwa amehamia karibuni. Dominika alimdharau pale pale. Hakunong'ona. Hakuuliza mtu alijisikiaje. Aliuliza saa ngapi, upande upi wa barabara, kipande kilikuwa hatua ngapi kutoka kwenye tairi, nani mwingine aliona. Aliandika pole pole kwa mwandiko wa duara, akikosea anakata kwa rula. Ilichukua saa tano. Rose alipofika mahali pa madumu machozi yakamtoka. Mwanasha akaweka kalamu chini, akatazama dirishani, akasubiri. Hakuna aliyemwambia arudie kulia. Wakati wa kutoka Dominika alimwambia, "Samahani, afande, nilikuona mzembe."

"Wengi huona hivyo," Mwanasha alijibu, akakohoa. "Weka sahihi na hapa."

Bernard alikamatwa wiki ya tatu baada ya hapo. Kwanza alisema mbuzi. Baadaye, alipowekewa taa mbele, alisema ukungu. Alikiri kwamba alisimama, akashuka, akamwona mtu, akapanda gari akaendelea na safari, kwa sababu mifuko ya salfa ilikuwa inasubiriwa Mnyambe. Edmund alikuwa bado anapumua? Aliulizwa hivyo mahakamani na akasema hakuangalia. Rose alitoka nje kwa muda.

Lakini kufika huko mahakamani! Kesi iliahirishwa mara tisa. Shahidi anaumwa, wakili ana kesi nyingine, umeme umekatika. Mara zote tisa Dominika na Rose walikaa benchi moja la nyuma, wakila ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kutoka mfuko mmoja. Wale maelfu wenye maoni hakuonekana hata mmoja. Haki, Dominika aliligundua hilo, haina kinanda. Ina benchi gumu na karani anayeita majina vibaya.

Waliokuja ni wazee watatu wa kanisa, nyumbani kwa Dominika, Mkomaindo, wamekunja kofia mikononi. Walisema Bwana Bernard ni mtu wa watu. Walimkumbusha nani alitoa bati za paa la kanisa. Walimkumbusha kusamehe mara sabini mara saba.

"Nimesikia, wazee wangu," Dominika alisema. "Bati zake ni nzuri, nakaa chini yake kila Jumapili. Na mimi nitamsamehe, Mungu akipenda. Akishafungwa."

Agosti 2024 hukumu ikasomwa kwa sauti ya kusinzia: ana hatia, kifungo cha miaka mitatu, leseni imefutwa. Mke wa Bernard akapiga yowe. Rose hakulia, na safari hii Dominika alimshika mkono na kuwakodolea macho watu wote waliogeuka kumtazama.

Na nje, kwenye ngazi, nani alikuwa anawasubiri na kofia ya sufu? Anderson alinyoosha kipaza sauti. "Mama! Hatimaye podikasti yetu imeleta haki! Wasikilizaji wangependa kusikia unajisikiaje."

Rose alimpita kana kwamba ni nguzo ya umeme. Dominika alisimama. "Baba," alisema, "haki ya Edmund imepatikana. Sasa ya Rose. Ulimwita muuaji kwa sehemu nne nzima. Tengeneza sehemu moja useme hakuua. Nzima. Bila godoro."

Anderson aliahidi, mkono kifuani. Alitimiza pia, kwa namna yake. Mwisho wa sehemu ya kumi na moja, iliyohusu mauaji ya mji mwingine kabisa, baada ya tangazo la pili la magodoro, palikuwa na sekunde ishirini za marekebisho, zimesomwa haraka kama masharti ya bahati nasibu. Arthur alizipima kwa saa ya simu.

Basi Jumapili iliyofuata Dominika alipanda tena Newala. Kanisani Kitangari, baada ya matangazo ya mchango na ndoa, alinyanyua mkono na kwenda mbele kabla kasisi hajamkubalia. Mdomo uliozoea kuwachapa mafundi ulikuwa mkavu.

"Mimi ni dada yake Edmund," alisema. "Ile sauti kwenye simu, inayosema mjane hakulia, ni yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na kinyongo cha mazishi, nikakitoa kwa mgeni. Rose alilia siku ambayo mimi sikuwepo. Ninyi mlikuwepo. Mlimwona, mlimmwagia maji, halafu mkasikia simu mkaamini simu. Mimi nimetubu. Ninyi endeleeni tu kununua maji kwingine."

Kasisi akaanzisha wimbo haraka, na watu wakauimba wakitazama vitabu, hata wale wasiojua kusoma.

Nje, Rose alikuwa amesimama kivulini na Yuster, begi la msichana miguuni pao. Dominika alisogea, akitarajia sijui nini, labda kukumbatiwa.

"Ile ya mwisho haikuwa lazima," Rose alisema.

"Ilinitoka."

"Huwa zinakutoka." Rose alirekebisha kitenge chake. "Yuster anataka amalizie kidato cha nne Masasi. Watoto wa hapa hawajaacha kumnong'onea, na sidhani kama wataacha. Una nafasi?"

"Kitanda kipo. Felix alishaoa, chumba kiko wazi."

"Asubuhi awahi shule, asikuoshee masufuria."

"Hataosha."

"Na usimfundishe maneno yako."

Dominika alimtazama yule msichana mwenye pua ya Edmund, aliyemwangusha kwa swali moja mbele ya gereji nzima, akaona hapo hakuna cha kumfundisha. Akachukua begi la msichana, akamwuliza kama ameshakula.